Mstari wa Nne

Idara ilikuwa na jina refu kuliko korido yake: Burudani za Nje, Utalii na Elimu ya Mazingira. Wahandisi wa ghorofa ya chini waliiita Idara ya Matembezi, na wakipishana na watu wake kwenye ngazi waliwauliza kama leo wametembea vya kutosha. Mhadhiri mwandamizi wa idara hiyo hakuwajibu. Alikuwa na swali moja alilolifanyia kazi tangu masomo ya uzamivu: nyasi zinaweza kukanyagwa na watu wangapi kabla hazijashindwa kuota tena.

Ni swali dogo, lakini hifadhi nyingi zimeharibiwa na watu waliolijibu kwa kukisia. Njia ikifunguliwa kwa wageni wengi mno, udongo unashindiliwa, maji ya mvua hayapenyi, na baada ya misimu michache palipokuwa na nyasi panabaki korongo. Ikifunguliwa kwa wachache mno, majirani wa msitu hawaoni faida ya kuulinda, na watoto wa shule wanaujua kwa picha tu. Kati ya hayo mawili pana kiwango. Yeye alikuwa akikitafuta.

Alikitafutia kwenye uwanda wa nyasi ulio juu ya msitu, mwendo mfupi wa kupanda kutoka mahali wageni wanapoegesha magari na kula chakula walichofungasha. Pale alikuwa amepigilia vigingi na kuvuta kamba, akapata mistari minne, kila mmoja upana wa kitanda. Mistari mitatu ilikanyagwa na wanafunzi wenye viatu vya kupandia milima: wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu mpaka udongo uonekane. Wa nne haukukanyagwa na mtu. Huo ulikuwa wa kulinganishia, kwa sababu bila mstari ambao haujaguswa huwezi kujua kama nyasi zimepungua kwa viatu au kwa mvua kuchelewa. Ili kuupima bila kuugusa, alilaza ubao juu ya mawe mawili, huku na huku nje ya kamba, akalala juu yake kifudifudi na kuhesabu mashina ndani ya fremu ya waya. Wanafunzi walimwita Madamu Kamba. Walisema hata sebule yake imepigwa kamba, na mgeni akifika anapitia jikoni.

Mume wake alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari. Jumamosi alikwenda naye uwandani kumshikia ncha ya tepu ya kupimia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alidai kwamba ndiye mume pekee duniani anayegombezwa kwa kukanyaga nyasi. Hawakuwa na watoto. Jumamosi moja aliinama kuokota ncha ya tepu, akaanguka ndani ya mstari wa nne. Moyo ulikuwa umesimama. Askari wa hifadhi na watu waliokuwa wakila chini walipanda mbio. Wengine walipiga magoti, wengine walileta machela, wengine walisimama tu kutazama, na walipoondoka naye nyasi za mstari ule zilikuwa zimelala na kuchanganyika na udongo.

Asubuhi iliyofuata, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, mhadhiri aliendesha gari mpaka uwandani akaupima mstari. Sababu yake ilikuwa sahihi kitaalamu: mahali pakikanyagwa, kipimo kisichoweza kupatikana baadaye ni kile cha mwanzo. Alirudi kabla ya adhuhuri, akanawa mikono, akaketi chini pamoja na wengine. Watu walidhani alikuwa hospitali kushughulikia maiti. Wifi yake, dada wa marehemu, peke yake ndiye aliyeona viatu vyenye tope mlangoni akaelewa.

Tangu hapo mstari wa nne ulibadilishiwa kazi. Ulichorwa mwingine wa kulinganishia, na huu ukawa mstari wa kupona: eneo lililokanyagwa mara moja, na watu wengi, kisha likaachwa. Katika maandishi ya fani hiyo kipimo cha namna hii ni adimu, maana hakuna mtafiti anayeweza kukipanga. Aliandika makala mbili juu yake. Katika zote mbili sababu ya kukanyagwa ilielezwa kwa maneno matatu: tukio la dharura. Kila mwaka alirudi wakati uleule, nyasi zinapotoa maua mwishoni mwa mvua, kwa sababu kabla ya maua aina mbili kati ya zile anazohesabu hazitofautishiki.

Sasa ulikuwa mwaka wa tano, na nyasi zilikuwa bado hazijatoa maua.

"Faili lako limekamilika, dada," mkuu wa idara alimwambia. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na ofisi yake ilijaa vinyago vya wanyama alivyopewa na wageni. "Limebaki kuvikwa kofia tu."

"Kofia gani?"

"Mwaka wa tano! Yule msomaji wa nje wa makala zako ameandika waziwazi. Amesema miaka minne inaonyesha mwelekeo, mitano inaonyesha jibu. Leta jibu, kamati ya vyeo ikukalie, utoke profesa. Profesa wa kwanza wa kutembea. Wale wa chini watakoma kutucheka."

"Na nisipoleta?"

"Usipoleta kwa nini? Nyasi zimegoma?"

"Nauliza."

"Usipoleta, faili linarudi kabatini mpaka kamati ikae tena, na hiyo wewe unaijua. Ikikaa tena mimi nitakuwa nimestaafu, na atakayekalia kiti hiki huenda ni mtu wa hoteli, anayedhani msitu ni bustani ya nyuma ya baa." Alicheka, kisha akaondoa cheko usoni. "Lakini wewe unaendeleaje?"

"Vizuri."

Lilikuwa jibu lake kwa kila mtu, na aliliona kuwa la kweli kwa kadiri lilivyoweza kuthibitishwa. Alikuwa akilala. Alikuwa akila. Uzito wake ulikuwa uleule na hakuwahi kukosa kipindi darasani. Kama kulikuwa na kitu kilichopungua, hakikuwa miongoni mwa vitu alivyojua kuvipima. Daktari wa chuo alimpa vidonge vya usingizi, naye akavirudisha kwa sababu usingizi haukuwa tatizo. Mwalimu wa saikolojia alimwambia kwenye foleni ya chai kwamba machozi yatakuja kwa wakati wake. Alimshukuru. Alikuwa ameacha kuyangoja kama mtu anavyoacha kungoja fundi aliyesema nakuja.

Jioni ileile wifi alimletea mama mkwe nyumbani.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Tangu mwanawe afe aliishi kwa binti yake. Binti naye sasa alikuwa amehamishwa kikazi, mji wa mbali, na Jumapili wangeondoka wote.

"Nimekuja kuaga," mama mkwe alisema alipokwisha kuketi. "Tena nimekuja na shida."

"Sema, mama."

"Shida yangu unaijua. Nataka kupaona."

Alikuwa ameomba mwaka wa kwanza, akaambiwa baada ya vipimo. Aliomba wa pili, akaambiwa hivyohivyo. Baada ya vipimo kila mara palikuwa na vipimo. Kisha akaacha kuomba, na mhadhiri alidhani ombi limekwisha.

"Tungengoja kidogo, mama. Nyasi zikitoa maua nitapima, kisha nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Zinatoa lini?"

"Kama siku kumi hivi."

"Sisi tunaondoka Jumapili," wifi alisema. Alikuwa amebaki amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Najua, wifi."

"Unajua. Wewe unajua kila kitu. Mimi nilitaka tu usikie mwenyewe unachosema. Mama amezaa mtoto, mtoto amefia mahali, mama anaambiwa angoje majani yachanue."

"Si majani. Ni..."

"Ni nini? Niambie jina lake, labda litanipunguzia hasira."

"Ee, acheni," mama mkwe alisema. "Wewe binti, kaa chini au nenda ukazungushe gari lako, usinisimamie kichwani kama polisi." Akamgeukia mhadhiri. "Sasa mwanangu, hizo nyasi zinataka nini? Niziandikie barua? Nizipelekee zawadi? Mwaka kesho magoti haya hayapandi hata ngazi ya basi."

Mhadhiri alifikiri. Tatizo, alivyoliona, lilikuwa na pande mbili. Mama mkwe akikanyaga mstari kabla ya maua, kipimo cha mwaka wa tano hakipo, makala haipo, na uprofesa unarudi kabatini. Asipokwenda, hatapaona tena. Lakini kuona si kukanyaga. Ubao upo.

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Nitakupitia."

"Umeona?" mama mkwe alimwambia binti yake. "Mtu akiombwa vizuri anakubali."

Wifi aliutazama mguu wa mhadhiri, au labda viatu.

Jumamosi walikwenda wote watatu. Kwenye meza za mbao zilizo mwisho wa barabara familia moja ilikuwa inamenya mayai, na watoto walikimbizana kuzunguka pipa la taka. Wifi alisema yeye haendi juu. Alisema akifika huko atatamka maneno ambayo baadaye itabidi ayaombee radhi, na yeye hapendi kuomba radhi. Akabaki ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje.

Mama mkwe alipanda polepole, fimbo mkono mmoja, bega la mkwewe mkono wa pili. Alisimama mara kwa mara akisingizia kutazama miti.

"Huu mti gani?"

Mhadhiri alimtajia.

"Na huu?"

Akamtajia.

"Mume wako alikuwa hajui mti hata mmoja. Alipokuwa mdogo nilimtuma majani ya kumpikia dawa baba yake, akaleta ya kwenye ua wa jirani. Tukamnywesha. Bahati nzuri babake alikuwa na tumbo la bati."

"Alipona?"

"Alipona. Ndiyo maana sikuwahi kumwambia."

Uwandani kulikuwa na upepo mdogo. Kamba nyeupe zilikuwa zimepauka, vigingi vimeandikwa namba kwa rangi. Mistari mitatu ilionekana tofauti zake hata kwa mtu asiyesoma: mmoja hafifu, mmoja hafifu zaidi, mmoja kipara. Wa nne ulikuwa na nyasi za kufika gotini, zimesimama, kijani. Kwa macho ungesema umepona kabisa. Kwa fremu ya waya haukuwa umepona. Aina moja, yenye shina laini, ilikuwa bado haijarudi katikati, na makala ya tatu ingehusu hiyo.

"Ni hapo, mama. Ndani ya kamba."

Mama mkwe alitazama. Mhadhiri alilaza ubao juu ya mawe, akaukandamiza kwa mguu kuhakikisha hautikisiki, akamshika mkono.

"Panda hapa. Unabeba vizuri, mimi hulala juu yake."

Mama mkwe alipanda. Alisimama katikati ya ubao, mikono miwili juu ya fimbo, nyasi zikiwa chini yake na pembeni yake.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hapa nimesimama juu ya ubao."

"Ndiyo, mama."

"Mbao hata nyumbani zipo."

Ilikuwa kweli. Mama mkwe hakuonekana kukasirika. Aliinamisha kichwa akatafuta kitu chini, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Alilalaje?"

"Nini, mama?"

"Mwanangu. Alipoanguka alilalaje? Chali? Kifudifudi? Kichwa kilikuwa upande gani?"

Polisi walimuuliza saa. Daktari alimuuliza kama marehemu alikuwa na shinikizo la damu. Wengine wote, kwa miaka yote, walimuuliza yeye anaendeleaje. Swali hili hakuwahi kuulizwa na mtu, na jibu lake alikuwa nalo zima.

"Kwa ubavu wa kushoto," alisema. "Kichwa upande wa bondeni. Mkono wa kushoto ulikuwa chini yake. Wa kulia ulikuwa umeshika tepu."

"Hakuiachia?"

"Hapana. Niliitoa mimi."

"Macho?"

"Yalikuwa wazi. Jicho moja lilikuwa ndani ya nyasi."

"Viatu?"

"Kimoja kilikuwa kimelegea kamba. Asubuhi nilimwambia aifunge vizuri."

"Hakufunga."

"Hakufunga."

Mama mkwe alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia habari za mtu anayemjua vizuri. "Alisema kitu?"

"Alisema, subiri kidogo."

"Subiri kidogo?"

"Nilikuwa upande ule, kwenye mstari wa kwanza, nimeshika ncha nyingine. Nilivuta tepu haikuja. Akasema subiri kidogo. Nilidhani imenasa kwenye kigingi. Nikasubiri."

"Kwa muda gani?"

"Sijui," mhadhiri alisema. "Sikupima."

Upepo ulipita juu ya nyasi, zikalala na kuinuka. Chini kabisa mtoto alikuwa akilia kwa kunyang'anywa kitu, kisha akanyamaza.

"Basi nionyeshe," mama mkwe alisema.

"Nimekueleza, mama. Ni hapo."

"Umenieleza. Sasa nionyeshe. Kichwa kilikuwa wapi?"

Mhadhiri alinyoosha kidole. Alijua papo hapo kwamba hafanyi kitu cha maana. Kutoka alipokuwa, juu ya nyasi ndefu namna ile, kidole kilionyesha eneo lenye ukubwa wa meza. Alikisogeza kushoto kidogo.

"Pale?"

"Karibu na pale."

"Karibu," mama mkwe alisema, bila kejeli. Alikuwa anarudia tu.

Mhadhiri alitazama uwanda. Palikuwa na njia nyingine za kufanya. Angeweza kuchukua fimbo ya kupimia akainyoosha kutoka ukingoni. Angeweza kuuhamisha ubao, lakini mawe yangelazimika kusogezwa, na ubao usingefika pembe ile. Alizipitia zote moja baada ya nyingine, na kila moja ilitoa jibu lenye kosa la hatua nzima au zaidi. Aliyeuliza alikuwa mama yake mtu. Jibu la karibu na pale halikuwa jibu.

Akaivuka kamba.

Nyasi zilivunjika chini ya buti lake kwa sauti ndogo, kavu kuliko alivyotarajia baada ya mvua. Alipiga hatua, akapiga nyingine, akachutama, akazitenga nyasi kwa mikono miwili mpaka akaona udongo. Kulikuwa na jiwe bapa ambalo alilikumbuka. Aliweka kiganja pembeni yake.

"Hapa," alisema. "Sikio lilikuwa hapa. Bega hapa. Miguu ilifika pale kwenye kigingi chenye namba."

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kushuka ubaoni. Hakungoja mkono. Alikuja na fimbo yake, akikokota mguu mmoja. Mhadhiri aliziona aina zinazolala na zile zinazovunjika moja kwa moja, na ile yenye shina laini, iliyokuwa imeanza kurudi pembezoni, ikienda chini ya ndala za mama mkwe. Mama mkwe alijishusha kiungo kwa kiungo, goti, mkono, nyonga, akaketi, kisha akalaza kiganja pale alipoonyeshwa. Alikiacha hapo.

"Ubavu wa kushoto," alisema baada ya muda. "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Ukimlaza wa kulia analia mpaka umgeuze. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua analala hivyo. Sikujua kuhusu kulia."

"Alikuwa analia, ee. Usiku kucha nageuza mtoto kama chapati." Alifuta pua kwa upande wa kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuyajali. "Hizi nyasi zako zinachoma."

"Zina miiba midogo kwenye maua. Hayajafunguka bado."

"Nimeziharibu?"

"Ndiyo, mama."

"Sana?"

"Kwa kipimo changu, sehemu yote ya katikati. Na mimi pia nimeziharibu."

"Na ule ukubwa wa kazini? Binti yangu ameniambia kuna ukubwa."

"Hautakuwepo kwa sasa."

Mama mkwe alimtazama, labda akingoja aseme haidhuru. Mhadhiri hakusema, kwa sababu ilidhuru. Alikuwa anaona kwa uwazi namna itakavyokuwa: atamwambia mkuu wa idara kwamba mstari umekanyagwa na watu wawili kabla ya kipimo, mkuu atauliza ni akina nani, naye atamjibu. Hakuna sababu ya kuandika tukio la dharura. Haikuwa dharura.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Asante, mama."

Ilikuwa pole ya kwanza tangu msiba ambayo alijua inahusu nini hasa. Alijichunguza kama kuna kitu kimesogea ndani yake, kwa uangalifu uleule anaotumia kwenye fremu ya waya. Hakuona kitu cha kuandika. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa kuchutama.

Kutoka chini ilisikika honi ya gari, mara moja, kisha ndefu.

"Tunaitwa, mama."

"Mwache apige. Tangu anunue gari anapenda honi kuliko redio." Mama mkwe hakuondoa kiganja chake. Kwa mkono wa pili aligonga nyasi zilizokuwa bado zimesimama ubavuni pake. "Kaa. Utachutama mpaka lini?"

Mhadhiri alikaa.